Koleo Lililolala Nyumba ya Pili

Koleo la baba lililala nyumba ya pili, na hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia. Baba alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya reli Kisumu, na nyumbani kwetu, kando ya ziwa karibu na Usenge, alikuja mwisho wa mwezi. Siku moja aliacha koleo lake mikononi mwa ndugu yangu wa mama mdogo, mke wa pili, akasema, "Wewe tunza hili." Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Mimi mwana wa mikayi, yaani mke wa kwanza, na nilimtangulia kijana yule kuzaliwa kwa miezi minne kamili!

Miezi minne hiyo ndiyo pekee niliyomzidi. Vingine vyote alinipita: hesabu, kuogelea, hata kuimba kanisani. Lakini kilichonikondesha ni mikono yake. Akiokota waya, jioni ni mtego. Nami nikishika msumari, jioni ni kidole kilichovimba.

Mwaka ule, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, viboko walitoka ziwani wakala mtama wetu hadi mashina. Ndugu yangu alikuwa ameona shuleni, katika kitabu cha historia, picha ya mtambo ambao wafalme wa Ulaya walirushia mawe kwenye ngome. Akasema tutaunda kama ule, tuwarushie viboko mawe. Nilicheka sana, na nilicheka peke yangu.

Alisimamisha nguzo mbili, akazipitishia kipande cha bomba kuukuu, na juu ya bomba akalaza mkaratusi mrefu uliokaa kama mizani. Upande mfupi alining'iniza magunia ya mawe. Upande mrefu alifunga kombeo la wavu uliochakaa. Magunia yakishuka, mkaratusi unaruka juu na kombeo linafuata. Siri yote ilikuwa msumari mmoja mnene kwenye ncha, ambao kitanzi cha kombeo kilivikwa juu yake.

"Angalia, omera," aliniambia, maana aliniita rafiki hata siku ambazo sikumjibu. "Nimeukunja kidogo tu. Hivi, kitanzi kinachomoka kwa wakati wake, jiwe linakwenda mbele. Ukinyooka, kitanzi kinatoka mapema, jiwe linapanda juu linarudi nyuma."

Alinieleza yote bila kuficha kitu. Mtu asiye na wivu ni mjinga sana, nilijiambia.

Alijaribu na donge la udongo. Lilipita juu ya matete, likaanguka majini kwa kishindo. Mama yangu, aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, alilitazama hadi likazama, kisha akanigeukia. "Na wewe wa nyumba kubwa, unaunda nini?"

Kisha zikaja habari kwamba karakana inachukua vijana wa kufundishwa kazi, na baba angemwombea mmoja wetu nafasi. Angeamua mwisho wa mwezi. Nilijua kwamba akiuona ule mtambo ukirusha, mimi basi.

Jumamosi aliyokuja, ndugu yangu alikwenda kumpokea kwenye kituo cha basi. Mimi nilisema mguu unaniuma. Alipotoweka njiani niliulaza mkaratusi, nikatafuta jiwe la kushika mkononi, nikaupiga ule msumari hadi ukanyooka. Nilifurahi. Nilimwona tayari akivuta kamba mbele ya baba, na jiwe likirudi kumwaibisha.

Baba alifika, akauzunguka mtambo mara mbili. Alilishika bomba, akanusa kamba, akatabasamu. Lile tabasamu sijawahi kupewa mimi. Majirani walikuwa wamejaa. Jiwe likawekwa kwenye kombeo, na ndugu yangu akaishika kamba ya kufyatulia.

"Ngoja," baba akasema. "Hapa nyumbani nani huanza?"

Kwetu kupanda huanza nyumba ya kwanza, kuvuna huanza nyumba ya kwanza, na hakuna mwana wa nyumba ya pili anayemtangulia wa mikayi. Desturi hiyo nilikuwa nikiitumia kila siku kumnyang'anya zamu, na siku ile niliisahau.

"Wuod mikayi ndiye anaanza," baba akasema. Mwana wa mikayi, yaani mimi.

Ndugu yangu aliniletea kamba mwenyewe, bila kinyongo. Ningesema nini? Kwamba mguu unauma? Nilivuta.

Jiwe lilipanda wima, likawa dogo, watu wote wakainua nyuso. Kisha likarudi nyuma yetu, likatoboa paa la jiko la mama yangu. Tulisikia chungu kikipasuka. Ndani yake mlikuwa na samaki wa baba, kwa sababu akifika hula kwanza kwa mikayi. Mama alishika kichwa.

Watu walianza kucheka. Ndugu yangu aliishusha ncha ya mkaratusi, akaushika msumari, akanitazama mara moja, akajua. Kisha akasema, "Ni kosa langu, Baba. Niliukunja vibaya."

Nilimchukia kwa neno hilo kuliko kwa koleo.

Baba aliivuta ile ncha karibu na macho yake ya fundi. Akapitisha kidole gumba juu ya msumari. "Huu umegongwa na jiwe, tena leo," akasema polepole. "Koleo lilikuwa wapi?"

"Kwetu, Baba. Lakini ni mimi."

"Mwenye koleo hagongi kwa jiwe."

Hakunitazama. Angenichapa ningepona. Alimwambia tu, "Nyumba kubwa imekwisha kuanza. Sasa rusha wewe." Ndugu yangu akaukunja msumari, akavuta, na jiwe likapita matete hadi kwenye maji ya kina. Watu walipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia.

Siku ile baba alikula nyumba ya pili, kwani kwetu hakukuwa na samaki tena. Mama aliosha vipande vya chungu kimoja kimoja, kana kwamba vingeungana.

Jumatatu baba na ndugu yangu waliondoka pamoja kwenda karakana ya Kisumu. Kabla ya kupanda basi, ndugu yangu alifungua mfuko wake akanipa koleo.

"Omera, nimekuachia. Msumari ukilegea, ukunje. Viboko watarudi."

Nilikuwa nimelitamani lile koleo mwaka mzima. Lililala kwetu tangu siku ile, nyumba ya kwanza, chini ya kitanda changu. Nami nilimwonea wivu hata kwa moyo ule wa kuniachia.