Tumbo la Kaka na Dawa ya Mama

Kaka yangu alikuwa na tumbo la mjamzito wa miezi mitano, na juu ya tumbo hilo misuli sita imejipanga kama maandazi kwenye sinia. Mafuta hakuwa nayo. Ukimfinya ubavuni unaambulia ngozi tupu, na mishipa yake ungeweza kuihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara. Akisimama uso kwa uso nawe, ni mwanaume wa kupigiwa makofi. Akigeuka upande, tumbo limemtangulia.

Watu wa Singida hawakosi majibu. Wengine walisema anakunywa pombe kwa siri, maneno yaliyomkera sana baba, mtu wa swala tano na mwenye duka la vitambaa sokoni. Wengine walisema minyoo. Shangazi alisema ni safura, akaleta majani ya kuchemsha, kaka akayanywa kwa adabu na tumbo likabaki pale pale. Wenzake wa mazoezi walisema amerogwa na washindani wake. Mimi nilisema ni ulafi, na nilimwambia hivyo usoni, maana ndiye niliyekuwa nampikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kilichozuiwa zamani kilikuwa kimefika: mitumba, redio za kaseti mbili, vibanda vya video, na maduka ya dawa yaliyoota kila kona hata ukajiuliza wagonjwa wote hao walikuwa wapi siku za nyuma. Kabla ya hapo mwanaume mwenye misuli kwetu alikuwa mbeba magunia, na hakuna aliyelipa kiingilio kumtazama. Kaka aliwaona watunisha misuli kwenye kibanda cha video, akarudi nyumbani amebadilika. Yeye na wenzake walipata ua nyuma ya gereji moja pale Utemini, wakanyanyua ekseli za lori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Baadaye alikuja mtu kutoka Arusha, mwenye shingo nene kuliko kichwa chake, akajiita mwalimu wao. Huyo alikuja na begi la sindano.

Kaka alikula, jamani. Asubuhi mayai kumi na uji wa bakuli la kunawia mikono. Saa nne maharage. Mchana ugali wa watu watatu, na jioni anauliza kama kuna kiporo. Akimaliza anakaa ukutani, anahema, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na ikipita saa moja ana njaa tena. Niliona ajabu ile njaa. Haikuwa njaa ya mtu aliyebeba vyuma tu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa sindano. Kazi ya kumchoma ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikafeli, sikuwa na pa kwenda, na nesi wa hospitali alinifundisha kwa siku mbili kwa kuchoma chungwa. Dawa yenyewe ilikuwa kwenye chupa ndogo yenye mfuniko wa mpira, nyeupe kama maziwa, na kabla ya kuivuta unaiviringisha taratibu kati ya viganja. Friji hatukuwa nalo. Tuliiweka ndani ya chungu, chungu chenyewe kwenye beseni la mchanga, na kila asubuhi nilimwagia mchanga ule maji ili ubaki baridi. Nilikuwa naona fahari na chungu kile. Nilikuwa nimefeli kila kitu kingine, lakini dawa ya mama haikuwahi kupata joto.

Kisha mama alichomwa na msumari unyayoni, na kidonda hakikupona. Kikawa cheusi pembeni, kikaanza kutoa harufu ambayo udi haukuifunika. Daktari alipima sukari, akanitazama kwa ukali.

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye chungu, daktari. Ni baridi."

"Unamchoma kila siku?"

"Kila siku."

Akaandika kwenye daftari la kliniki niongeze dozi, kutoka mistari ishirini ya sindano hadi thelathini. Sukari haikushuka. Akaandika arobaini. Tukakilaumu chungu, baba akanunua kingine mnadani. Haikushuka. Daktari akamwambia baba mbele yetu sote kwamba tukifika baada ya Idi na hali ni ile ile, mguu utakatwa, na kwa sukari ya namna ile hakuwa na uhakika kama mama angeamka baada ya kisu. Baba alitoka hospitali akaenda kukaa dukani hadi jioni bila kufungua mlango wa mbele.

Sasa nitasema jambo linalonichoma zaidi. Chupa ile ilikuwa ikichelewa kwisha. Nilikuwa nimeongeza dozi mara mbili, ilipaswa iishe upesi, na bado ipo. Nilimwambia mama. Akasema alhamdulillahi, maana maalim alikuwa ameisomea dua. Na mimi, niliyekaa darasani miaka minne nikichora moyo na figo kwenye daftari la baolojia, niliamini kuwa ni baraka. Niliona pia kwamba weupe wake umefifia, kama maziwa ya mchuuzi asiyeogopa Mungu. Nikajiambia ni mwanga wa chumbani.

Ramadhani iliingia, na mashindano ya kutunisha misuli yalikuwa yamepangwa siku ya Idi. Kaka hakuacha kufunga, baba asingekubali, na hakuacha vyuma. Alikula daku ya watu wanne. Mama hakufunga kwa sababu ya ugonjwa, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kidonda. Alikuwa anakula kwa kujificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku chache Idi ifike. Baada ya alasiri kaka alikuwa ameketi uani, nami nachambua mchele. Nikamwona analowa jasho, shati limegandamana, mikono inatetemeka. Akacheka peke yake. Akaniita kwa jina la bibi yetu, aliyekufa tukiwa wadogo. Nikadhani ananitania, nikamtusi. Akataka kusimama, akaanguka chali, macho yamegeuka na mdomo unatoa povu.

Majirani walijaa uani mara moja. Mmoja akasema kifafa, wasimguse. Mwingine akasema mapepo, akaanza kumsomea sikioni. Baba alikuwa ameshika kikombe cha maji, hajui ampe au asimpe.

Mama alitoka ndani akitambaa. Miezi miwili alikuwa hajakanyaga uani.

"Sukari! Leteni sukari upesi!"

"Amefunga huyu," baba alisema.

"Funga gani? Mtoto anakufa! Leteni sukari!"

Nilileta kopo. Alichovya kidole kwenye maji, akachovya kwenye sukari, akampaka kaka ndani ya shavu, akarudia, akarudia, huku anazungumza naye Kinyaturu, lugha ambayo aliitumia na sisi akiwa na hofu tu. Watu walimtazama kama mwendawazimu. Kaka alipoanza kumeza alimpa maji ya sukari kidogo kidogo, na baadaye macho yake yakarudi mahali pake, akauliza kwa nini watu wamejaa. Majirani wakasema dua imejibiwa. Lakini mimi nilikuwa karibu. Nilimwona mama anapandisha shati la kaka ili amfute jasho, na pale tumboni, kwenye lile tumbo la kuchekwa na mji mzima, nikaona vidoti vya sindano, kama vilivyokuwa tumboni kwake yeye. Aliona kabla yangu; jasho lile alilijua, ndilo la sindano iliyokuta tumbo tupu. Akashusha shati na kumfunika kwa khanga.

Baba alipokwenda msikitini kuswali magharibi, mama alituita chumbani, akafunga mlango.

"Tangu lini?" alimuuliza.

Kaka alikuwa analia, na mwili ule mkubwa ukilia ni kitu kibaya kutazama. Alisema yule mwalimu wao alimwambia dawa ya sukari inasukuma chakula kwenye misuli, kila unachokula, na kwamba ndiyo siri ya wale wa kwenye video. Za dukani zilikuwa adimu. Akakumbuka kuna chupa ndani ya chungu.

"Nilichukua kidogo kidogo tu, mama."

"Na ukajaza maji."

"Niliyachemsha, mama."

Mama alicheka. Nilitamani angempiga. Mimi ndiye niliyempiga, kofi moja la nguvu zangu zote, na hakuinua hata mkono kujikinga.

"Acha," mama aliniambia. "Baba yenu asijue. Akijua atamfukuza, na huyu akifukuzwa leo atakwenda kufia kwenye ua wa wale wahuni."

"Na daktari je?"

"Daktari na baba yako wanaswali safu moja. Ukimwambia huyo umemwambia baba yako. Chupa nyingine inakuja. Utaifungia kwenye sanduku langu la nguo, basi, yamekwisha."

Nikaapa. Kaka naye aliapa kuacha, na naamini aliacha, maana alikuwa ameogopa kweli.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza daktari mmoja wa Dodoma kuhusu tumbo lile bila kumwambia ni la nani. Alisema hakuna aliyelipima sawasawa, kwa sababu wenye matumbo hayo hawasemi wanachojichoma. Lakini mafuta yanayoonekana ni yale ya chini ya ngozi, na mtu anaweza kuyamaliza yote huku ndani, kuzunguka ini na utumbo, kunajaa. Zipo sindano za kukuza mwili ambazo hazichagui. Wewe unataka mkono ukue, na matumbo nayo yanakua. Ile ya sukari inaleta njaa, chakula kinapita kiasi, utumbo unatanuka siku hadi siku. Na mtu anayenyanyua mizigo mizito kwa kubana pumzi, akiisukuma nje, misuli ya ndani inayopaswa kulishika tumbo kama mkanda inalegea, hata kama ile ya juu imechongeka. Nilimshukuru nikaondoka. Nilikuwa nimetegemea kusikia kitu kimoja cha kulaumu.

Chupa mpya ilifika kwa basi mkesha wa Idi. Ilikuwa nyeupe hasa, nilikuwa nimesahau weupe ule. Asubuhi ya Idi niliiviringisha viganjani nikiwa na furaha ya kweli, furaha ya kijinga, nikisema moyoni kwamba sasa mguu utapona. Nikafungua daftari la kliniki.

"Ngapi?" mama aliuliza.

"Arobaini."

"Haya, bismillahi."

Nikamchoma. Kati yetu wawili hakuna aliyejiuliza arobaini ile iliandikwa kwa ajili ya dawa gani, hii halisi au ile iliyojazwa maji. Wa kujua hilo alikuwa daktari, na daktari tulikuwa tumekubaliana asiambiwe.

Kidonda kilimtia homa siku ile, akaonja pilau vijiko viwili. Baba alikwenda kutembelea ndugu. Mimi nilitaka kubaki, na mama akakataa.

"Nenda kamtazame kaka yako. Asiwe peke yake kule."

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Kaka alipanda jukwaani amepakwa mafuta ya alizeti mwili mzima, na alipogeuka upande, mtu nyuma yangu akapaza sauti, "Anajifungua lini?" Ukumbi mzima ukalipuka. Alilivuta tumbo ndani, akabana pumzi, uso ukavimba, na alipoishiwa pumzi likatoka tena mbele ya watu wote. Wakaanza kuimba, "Sukuma! Sukuma!" Nilikuwa na hasira naye bado, nililala nayo na kuamka nayo, lakini pale nililia. Nilibaki mpaka mwisho ili asitoke nje peke yake. Hakupata hata nafasi ya tatu, na walikuwa wanne.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua likizama. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kabati. Nguo zake zilikuwa zimelowa jasho ambalo sasa lilikuwa baridi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mguu wa kabati. Kopo la sukari lilikuwa juu ya kabati lile, nililipandisha mimi mwenyewe, sisimizi wasilifikie. Kaka alilichukua, akapiga magoti, akampaka sukari ndani ya shavu kama yeye alivyopakwa, akarudia, akarudia, mpaka nilipomshika mkono.

Majirani walisema mguu ndio umemmaliza. Wanawake waliokuja kumwosha walisema hivyo hivyo, na daktari, alipofika kutoa pole, hakuwapinga. Baba alikuja kuniuliza mbele yake. Hakuuliza kwa kunishuku. Alitaka tu kujua kila kitu cha siku ya mwisho ya mama, alikula nini, alisema nini.

"Na sindano ulimchoma?"

"Nilimchoma, baba."

"Ngapi?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mafuta ya alizeti bado yanang'aa shingoni. Alinitazama, kisha akatazama chini.

"Arobaini," nikasema. "Kama daktari alivyoandika."

Daktari akatikisa kichwa kukubali, na baba akanishika bega, akanishukuru kwa kumtunza mama.