Doa la Shavu

Nilipofika Stockholm nikiwa mkimbizi kutoka Uganda, mwanzoni mwa miaka ya themanini, useremala ndio ulionipatia kazi kwa mzee Mswidi aliyekarabati bunduki za kale. Karakana yake ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha. Yeye alishughulikia chuma, mimi mbao. Bunduki sikuzipenda, lakini ilibidi nile.

Msimu mmoja wa baridi ikaletwa bunduki ya mdunguaji, ya aina ambayo zilitengenezwa chache sana, darubini yake ingalipo. Kitako chake cha mbao kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa waya. Nikaufungua waya, nikatia gundi kwenye ufa, nikakibana kwenye jiliwa. Kilipokauka nikaanza kupiga msasa, na hapo nikaona doa jeusi ubavuni, laini kama limepakwa samli.

"Hilo usiliguse," bosi akasema. "Ndipo shavu lake lilipokuwa likilala. Ni jasho."

Mwenye bunduki alikuja kuikagua, mzee mrefu aliyetetemeka mikono. Ujanani alijitolea kupigana vita vya nchi jirani. Aliipokea, akalaza shavu juu ya lile doa. Mikono ikatulia.

"Bado inanienea," akasema.

Nikamuuliza kama alikuwa akiwaona watu aliowapiga.

"Vizuri kabisa. Mmoja alikuwa akipuliza uji wake upoe. Nilimngoja amalize."

"Kwa nini, mzee?"

"Sijui."

Kaka yangu alipigwa risasi Kampala akiteka maji bombani. Ilitoka kwenye ghorofa ambalo hakuna aliyethubutu kulipanda. Mama alishikilia kwamba ilikuwa risasi iliyopotea njia, nasi tukakubali, maana hilo lilibebeka. Sasa, katika karakana ile, nilimwona mtu kule juu, kafumba jicho moja, akimtazama kaka yangu akikinga ndoo. Labda aliiacha ijae.

Nilitoka nje nikasugua viganja kwa theluji. Kisha nikarudi ndani, nikaendelea kukipaka kitako mafuta ya kitani mpaka kikang'aa. Yule mzee alipokuja kuichukua alisifu kazi, akaninyoshea mkono. Nikaupokea.

Alipoondoka nilimwambia bosi sitarudi.

"Lakini wewe unashika mbao tu," akasema, kwa mshangao wa kweli.

"Ndiyo, mzee. Mbao tu."

Nikaenda kusafisha ndege za abiria kwenye uwanja ulio karibu na Märsta. Useremala niliuacha kabisa. Kiti chetu cha jikoni kilipovunjika mguu, mke wangu alinitazama akingoja nikitengeneze. Nilikibeba, nikakitupa jalalani.