Kitufe Kilichosema "Fua"

Kwanza utaviona vidole vyake: hata akikusikiliza, vinachapa mapajani. Dada huyu huandika kurasa za simu kwa msimbo, yaani lugha ya kompyuta iliyojaa mabano, mstari kwa mstari. Mdogo wake huzichora, akiburuta vipande kwenye kompyuta.

"Dada, utazeekea kwenye mabano!" alimtania, akimpa mama yao ajaribu ukurasa aliouchora wa kufuatilia majibu ya vipimo, aliotaka hospitali iuchukue.

Simu ya mama ina maandishi makubwa. "Unapendeza, mwanangu. Lakini mbona kitufe kinaniambia 'Fua'? Nifue nini?"

Neno "Fuatilia" lilikuwa limekatwa. Dada alicheka, kisha akafungua ukurasa wa kazi hiyohiyo aliouandika yeye: haukukata neno, ila mama hakuwahi kuusifu.

"Wewe chora, mimi niandike," alimwambia mdogo wake.

Ukurasa wao wa pamoja wameupeleka jana. Hospitali itajibu kesho, na mama haiachi simu.