Shemeji na Foleni ya Nyoka wa Chuma

Mdogo wa mume wangu ni kinyozi. Nasema mume wangu kwa mazoea tu, maana alishaniacha na kumweka mwanamke mwingine katika nyumba niliyoijenga naye, mimi nikisomba maji na matofali kichwani, tumbo la mimba likiwa mbele. Katika ukoo ule wote, shemeji peke yake ndiye aliyeendelea kunisalimia. Akanipa kazi ya kufagia nywele na kufua taulo katika kibanda chake cha kunyolea. Sikatai, alinisitiri. Lakini kumsitiri mtu ni jambo moja, kusimama naye ni jambo jingine.

Kibanda kinatazama ukuta wa uwanja wa bembea. Mwaka ule, juu ya ukuta, tuliona vyuma vikipanda na kujikunja: treni ya kupaa na kupinduka ilikuwa inajengwa. Watu waliiita Nyoka. Benchi la wateja likajaa wanaume wasiotaka kunyolewa. Walikuja kubishana.

"Kile kilima cha kwanza wamekifupisha," shemeji alisema siku moja, mashine iko hewani, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. "Mtu hajapiga hata kelele, ameshafika chini."

"Wewe unajua nini?" fundi baiskeli akamjibu. "Bembea ya watoto ilikutapisha."

"Nilikuwa nimekula vibaya."

"Mara zote mbili?"

"Jamani, kichwa changu," mteja akasema.

Walipochoka na umbo la Nyoka, waligombania siku ya kufunguliwa. Shemeji alitaka ifunguliwe shule zikifungwa tu, hata kama rangi haijakauka. Fundi baiskeli alitaka wangoje mpaka paa la foleni liezekwe na treni ya pili ifike.

"Utasimama juani saa nzima kwa raha ya kufumba na kufumbua?"

"Shabiki haungui jua," shemeji akasema.

Mimi nilifagia miguuni pao. Nilikuwa na langu. Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo, alikuwa ameita kikao Jumamosi asubuhi kuhusu ile nyumba. Mume wangu alikuwa akieneza kwamba niliikuta imesimama, nikaingia na godoro langu. Aliyejua ukweli ni shemeji. Msingi ulipochimbwa alikuwapo, na udongo niliobeba yeye ndiye aliyeukoroga. Nilimwomba aje aseme.

"Shemeji, hilo hata usiniombe," alisema. "Nitakuja, nitasema nilichokiona."

Nikalala usingizi mzuri wiki ile.

Wiki hiyohiyo Nyoka alianza kuzunguka akiwa amebeba watu wa plastiki waliojazwa maji, ili kupima uzito. Benchi liliwapa majina. Yule wa mbele, mwenye shingo iliyopinda, waliyemwita Bwana Harusi, walimpigia makofi kila akipita. Ijumaa alasiri wale watu wa plastiki walishushwa wote wakapangwa kando ya ukuta. Shemeji akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Wameshushwa! Kesho ni zamu ya watu!"

"Tangazo liko wapi?" fundi baiskeli akauliza.

"Wanafungua kimyakimya kwanza, wajaribu kwa wachache. Atakayewahi ndiye atakayekaa kiti cha mbele. Kila shabiki anajua hivyo."

Na kweli, wote wakakubali. Hata fundi baiskeli.

Jumamosi nilivaa gauni langu la heshima nikapita kibandani. Kimefungwa. Nikavuka barabara. Foleni ilikuwa imeshapinda kona, na shemeji alikuwa wa kwanza, ameshika chuma cha geti kwa mikono miwili.

"Shemeji, kikao."

"Tangulia, nakuja. Wakifungua tu, napanda mara moja, nakimbia."

"Na wasipofungua?"

"Watafungua! Nikitoka hapa, huyu nyuma yangu atachukua kiti cha mbele."

Fundi baiskeli akasema, "Nenda bwana, nitakushikia nafasi."

"Wewe? Wewe ndiye mwizi mwenyewe!"

Foleni nzima ikacheka. Nilimtazama shemeji machoni, akatazama geti. Nikaondoka.

Kikaoni mume wangu alisema yake, mimi nikasema yangu. Baba mkubwa akauliza, "Mama, nani alikuona ukijenga?"

Nikamtaja shemeji.

"Yuko wapi?"

"Kwenye foleni ya bembea."

Wifi yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tulingoja hadi chai ikaisha. Baba mkubwa akasema nyumba ibaki kwa mwanawe. Niliomba siku nyingine ya kumleta shahidi, akanijibu kwamba mtu mzima haitwi mara mbili kwa jambo analolijua.

Getini nako hawakupata kitu. Adhuhuri mlinzi alitoka akawauliza wanangoja nini. Wale watu wa plastiki walishushwa kwa sababu walikuwa wanavuja na kulowesha viti. Akawafukuza.

Jioni shemeji alikuja chumbani kwangu, hakukaa. "Nitakwenda mwenyewe kwa baba mkubwa," alisema. Kesho yake alikwenda kweli, akarudi kichwa chini.

"Amekataa. Shemeji, mimi nilidhani ni saa moja tu."

"Hata wao kikaoni iliwatosha saa moja," nikamwambia.

Nyoka alifunguliwa shule zikiwa zimesharudi, na paa la foleni likiwa limeezekwa. Niliambiwa shemeji alikaa kiti cha katikati na akamwita mama yake njia nzima. Mimi bado nafagia kwake, kwa sababu sina pengine pa kwenda. Sasa uwanjani wamechimba msingi wa mchezo mwingine, mnara wa kudondosha watu, na benchi limejaa tena. Juzi fundi baiskeli alinigeukia kwa mzaha.

"Mama, wewe unatusikia kila siku. Unadhani huu utafunguliwa lini?"

"Siku ambayo kuna mtu anawahitaji ninyi," nikasema.

Wakacheka wote. Shemeji hakucheka. Alimwinamisha mteja kichwa akaendelea kunyoa, nami nikaendelea kufagia.