Hata Shemeji Huulizwa Alikotoka

Ukoo wa Mbuke ulihamia bonde la Momba na ng'ombe wao, wakaanza kulima mpunga pia. Msimu wa kupandikiza, akina mama wa kitongoji walimwachia Mbuke watoto kwenye banda la nyasi jirani na nyumba yake. Hakulipwa. Walimletea kuni, maziwa, siku nyingine samaki.

Watoto walipozidi, alijitolea binti mmoja kumsaidia, Edina, mwenyeji wa Ibaba. Kabla ya kumkubali, Mbuke alimpigia simu mchungaji wa kanisa la huko kuuliza tabia yake. Hakuna aliyeshangaa.

Mwaka 2013 akaja Luhaga, mdogo wa mume wa Mbuke, Makene. Alitokea Mbangala. Alijua kuimba na kuchonga ng'ombe wa udongo, watoto wakamganda.

"Shemeji, nami nitakusaidia bandani," alisema.

"Vizuri. Nitaulizia kwanza ulikokuwa."

Makene alikasirika. "Ndugu yangu wa tumbo moja unamchunguza kama mwizi?"

"Edina nilimuulizia, baba. Mama yake akisikia huyu nimempitisha hivi hivi, nitamwambia nini?"

Akaenda Mbangala mwenyewe, kwa lori na kwa basi, mavumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Jenista, mama aliyefundisha watoto kanisani huko.

"Luhaga ana moyo mzuri," Jenista alisema. "Shida yake pombe. Aliwapeleka watoto mtoni kuoga, akawaacha, akaenda kilabuni. Mmoja tulimtoa majini, Mungu tu alimnusuru. Tukakubaliana asiachiwe watoto tena."

Mbuke aliporudi hakumwambia mtu. Alimfuata Luhaga zizini, akamweleza alichosikia.

Luhaga aliegemea ua wa zizi.

"Ni kweli, shemeji. Nilidhani huku hakuna atakayejua."

"Sikufukuzi. Hapa ni kwenu, utakula na kulala. Ila watoto sikuachii."

"Hata wa kaka?"

Mbuke alikuwa akiogopa swali hilo tangu Mbangala.

"Hata wangu."

Makene, alipomwona mdogo wake anachunga ng'ombe tu, alinuna. Akitaka chakula, anamtuma mtoto kumwambia mama. Mbuke alivumilia, kulia alilia jikoni, moshi ukasingiziwa.

Mvua zilipokaribia kwisha, akina mama walikutana bandani kugawana zamu za kuchota maji. Mmoja akauliza mbona Luhaga, anayependwa hivyo na watoto, hapewi zamu ya kuwaangalia. Mbuke akaendelea kugawa zamu za maji. Luhaga, aliyekuwa akirekebisha paa, akashuka.

"Huko nilikotoka nililewa, mtoto akanusurika kufa maji," alisema. "Shemeji anajua. Kuni na maji nitaleta, lakini msiniachie watoto."

Akina mama walitazamana. Mkubwa wao akamshukuru, akampangia kuni.

Makene alikuwa amesimama nje, amesikia yote. Jioni aliingia jikoni mwenyewe, akavuta kigoda.

"Mama Kulwa," alimwambia mkewe, "kuna ugali?"