Karai la Shemeji

Naona aibu kuisimulia hii, na hasira bado haijaniisha, kwa hiyo mkiniona napandisha sauti mnivumilie. Ule mgahawa wa Nyasubi uliofungwa na bwana afya mchana kweupe, wateja wakiwa na matonge mikononi, ni wangu. Mama Kulwa mwenyewe ndiye mimi.

Bwana afya alishanionya kuhusu karai langu la kachumbari, lilikuwa limepasuka na nyufa zimeingia weusi (lilikuwa linatia kinyaa, siwezi kumsingizia), akasema akirudi akalikuta anafunga. Nikawa nasema nitanunua kesho, nitanunua kesho, mpaka asubuhi hiyo jirani akaniambia leo anapita mtaa wetu. Nikalitupa, nikakimbilia uani, nikaona karai la bati limeegemezwa nyuma ya choo (hapo tu ningejiuliza). Lilikuwa la shemeji yangu Masanja, mdogo wa mume wangu, anayechimba dhahabu huko Kharumwa na kufikia kwangu akiwa mjini. Nikalisugua kwa sabuni na maji ya moto, nikakatia nyanya na vitunguu humo. Mapacha wangu walipotoka shule nikawapakulia wa kwanza, kama kawaida, ndipo wateja wakafuata.

Bwana afya alipofika akalisifia karai. Mimi na kupenda sifa, badala ya kushukuru tu yakaisha, nikaliinua na kuliinamisha mbele ya watu wote aone lilivyotakata mpaka kwenye ukingo. Kwenye mkunjo wa ukingo kikachomoka kitone kinachong'aa, kikabingirika juu ya nyanya, kikagawanyika viwili. Na mgahawa wenyewe umejaa wachimbaji, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja akatema alichokuwa anatafuna, akasema taratibu, "Mama, hiyo ni zebaki." Sumu ile ile wanayonasia dhahabu, imo kwenye kachumbari yangu.

Na Masanja naye akaingia wakati huo huo, hata salamu hana, anauliza nani kachukua karai lake maana kuna mabaki hajamaliza kuyatoa. Mabaki! Nilitamani nimvalishe karai hilo kichwani pamoja na nyanya zake. Siku ya kwanza kufikia kwangu nilimwambia vyombo vya machimboni visiingie uani kwangu, akawa anaitikia ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, na sasa anathubutu kuniuliza mbele za watu mbona sikumwomba.

Bwana afya hakumjali. Alinigeukia mimi.

"Mama Kulwa, nani mwingine ameshakula humu?"

"Wanangu," nikasema, ikabidi nirudie ndipo akasikia.

Tulikwenda hospitali na mapacha na wale wateja, na Mungu ni mwema, daktari alisema hawajadhurika. Mgahawa ulikaa umefungwa mpaka watu wakazoea kula kwingine. Masanja nilimfungashia virago mwenyewe, mume wangu akanuna, nikamwacha anune. Na nimeapa, chombo ambacho sikukinunua kwa mkono wangu hakigusi jiko langu tena, hata bwana afya asimame mlangoni na kufuli.

Ila kinachonichoma ni Doto, pacha wa Kulwa. Nikimwekea sahani haanzi kula, ananitazama kwanza, halafu anauliza kwa adabu zote, "Mama, hiki tunaweza kula?"