Krismasi Aliyonyamaza Tarumbeta

Mahakamani walimwita Tarumbeta, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye korido na kuita majina ya wenye kesi, na akiita, hata muuza maji wa ng'ambo ya barabara alijua leo nani kapatikana. Aliita mara tatu, si mbili wala nne. Ukijibu "nipo," unaingia. Usipojibu, shauri lako linasikilizwa mwenyewe haupo, na hapo usimlaumu mtu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameona watu wazima na vitambi vyao wakilowa jasho kwa kusikia tu majina waliyopewa na mama zao, naye alikuwa akiwacheka kimoyomoyo. Hucheka kovu asiyefikwa na jeraha.

Jumapili sauti hiyohiyo ilihamia kanisani. Asubuhi ya Krismasi ndiye aliyesoma Neno na kutoa tafakari, mwaka nenda mwaka rudi. Kanisa liliponunua vipaza sauti, yeye alivisogeza pembeni kama mtu anayeondoa kiti njiani. Mchungaji alipenda kutania kwamba siku ya mwisho parapanda ikipata hitilafu, mbinguni wasihangaike, Tarumbeta yupo.

Basi sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzoni akalaumu vumbi la mafaili. Kila jirani akaleta dawa yake: tangawizi, asali, limau, maji ya chumvi, na mmoja akamshauri alale na soksi shingoni, naye akalala nayo. Miezi miwili ikapita. Siku moja aliita jina mara tatu, mwenye jina akiwa amekaa hatua kumi kutoka pale, asisikie kitu. Hakimu mwenyewe akamwambia, "Mzee, nenda hospitali. Leo, si kesho."

Daktari alimpitisha kijibomba chenye kamera puani, akatazama kwenye kioo. Kuna uvimbe, alisema. Wakakata kipande kidogo kikapelekwa maabara. Majibu yangetoka Jumanne baada ya Krismasi, na mpaka siku hiyo asitoe sauti kabisa, hata kunong'ona. Yote hayo aliandikiwa kwenye karatasi. Chini kabisa kulikuwa na neno moja, na mbele yake alama ya kuuliza. Saratani?

Alilisoma akiwa kwenye ngazi za hospitali. Akaketi palepale, watu wakimruka na bahasha zao mkononi.

Nyumbani alimwandikia mkewe kwenye kipande cha gazeti: Uvimbe mdogo tu. Koo limechoka. Nisiseme mpaka baada ya sikukuu. Ile karatasi yenyewe aliikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati lake jeupe la kanisani, akaamini imefichika. Jamani, wanaume! Mkewe alikuwa akipiga pasi kwa dobi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kugusisha pasi kwenye nguo bila kwanza kugeuza mifuko, maana alishaokota humo funguo, meno ya bandia na barua za mapenzi za watu wenye heshima zao. Na huyu bwana akaona hapo ndipo pa kuficha siri. Lakini hofu haina akili.

Mkewe alisoma kile kipande cha gazeti, akamtazama usoni kidogo. "Haya, baba. Pole," alisema, akaenda kubandika chai.

Wiki tatu za ukimya zikaanza. Mahakamani wakampa kazi ya kubeba mafaili, na mlinzi wa getini akaita majina badala yake, akiita kama mtu anayeomba samahani. Watu waliokutana na Tarumbeta walimpigia kelele sikioni na kumpungia mikono, kana kwamba mtu akikosa sauti na masikio yanakwenda nayo. Hapo ndipo alipomkumbuka Zakaria, yule kuhani aliyetoka hekaluni bila sauti. Naye ndugu zake walimwashiria kwa mikono kama kiziwi. Alikuwa amelisoma jambo hilo kanisani kila Majilio na hakuwahi kuliona.

Akanunua daftari. Kila alasiri akitoka kazini aliketi kwenye meza ya jikoni akaandika tafakari yake ya Krismasi. Aliandika kwamba malaika kila alipofika, neno lake lilikuwa lilelile. Zakaria aliambiwa usiogope. Mariamu aliambiwa usiogope. Yusufu, kitandani na ndoto zake, aliambiwa usiogope. Wachungaji walioingiwa na hofu kuu kule kondeni waliambiwa msiogope. Aliliandika neno hilo tena na tena, akikandamiza kalamu.

Wala halikumsaidia. Alikuwa anaogopa, na tuseme wazi: alikuwa anaogopa mpaka chakula kilikuwa hakipiti, akasingizia koo. Kila alipoamka mkono ulikwenda shingoni kabla hajafumbua macho. Alitafuta dhambi yake. Zakaria alinyamazishwa kwa kutokuamini. Je, yeye ni kwa vile vicheko vya kimoyomoyo? Na Zakaria aliambiwa mwisho wa ububu wake, siku mtoto atakapozaliwa. Yeye alikuwa ameambiwa Jumanne tu, na Jumanne hiyo haikuwa na ahadi yoyote ndani yake. Alitamani ifike na alitamani isifike.

Siku mbili kabla ya Krismasi mchungaji alikuja kulichukua daftari ili mtu mwingine asome. Akalifungua. Akalisogeza mbali, akalirudisha karibu, akavaa miwani.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "hapa pameandikwa nini?"

Tatizo ndilo hilo. Mwandiko wa Tarumbeta ulikuwa wa kuku hasa. Mahakamani walishampiga marufuku kugusa rejista yoyote. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuusoma, mwanamke aliyepokea barua zake za uchumba kwa miaka miwili na kuzielewa zote. Mchungaji akageuka.

"Mama, itabidi iwe wewe."

"Mimi?" Mkewe aliweka sufuria chini. "Mchungaji, mimi niliwahi kupoteza funguo humohumo kanisani, nikaona heri nivunje kitasa cha nyumba kuliko kusimama kutoa tangazo."

"Basi mwaka huu hatutakuwa na tafakari."

Mkewe alimtazama mumewe, akalitazama daftari. "Nitasoma kilichoandikwa," alisema. "Basi."

Mchungaji alipoondoka, Tarumbeta alimwandikia: Usiongeze neno.

"Niongeze nini mimi?" alijibu mkewe, akaendelea na mboga zake.

Asubuhi ya Krismasi Tarumbeta alitoka bafuni akalikuta shati jeupe limetundikwa mlangoni, limenyooka, bado lina joto la pasi. Akatia vidole mfukoni haraka: karatasi ilikuwepo. Akashusha pumzi, akavaa, akajiambia kwamba, kama Jumapili zilizopita, mama watoto kasahau mifuko. Mtu mwenye hofu huamini anachotaka.

Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mkewe alipopanda pale mbele, daftari lilikuwa linatetemeka mikononi mwake, na watu walijongea mbele ya viti vyao kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyewahi kujongea kumsikiliza Tarumbeta. Alisoma habari za Zakaria. Alisoma siku ya nane, ndugu walipotaka kumpa mtoto jina la baba yake, na mama mtu ndiye aliyesema hapana, ataitwa Yohana, nao wakamwona hajui asemalo mpaka baba alipoandika vilevile. Alisoma habari za Mariamu na Yusufu. Akafika kwa wachungaji, akanyamaza.

Tarumbeta alidhani ameshindwa neno. Akanyoosha shingo kumsaidia, akakumbuka hana la kusaidia nalo.

"Hapa ameandika msiogope," alisema mkewe. "Nimehesabu. Neno hili limo humu mara thelathini na moja, na mwishoni kalamu imetoboa karatasi. Mtu asiye na hofu haandiki hivi."

Akalifunga daftari.

"Aliniambia nisiongeze neno. Naongeza, anisamehe. Mume wangu anaogopa. Jumanne tunakwenda kusikiliza majibu ya uvimbe wake, na daktari anadhani huenda ni saratani. Hakuniambia, hakutaka niogope. Nimeogopa wiki tatu peke yangu, kitanda kimoja na mtu anayeogopa peke yake." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi si mhubiri. Lakini naona malaika hakuja kuwaambia usiogope watu walioshiba wakalala. Aliwaambia waliokuwa wanatetemeka. Kwa hiyo kutetemeka si dhambi. Tuombeeni."

Akashuka, akaja kuketi pembeni ya mumewe, daftari mapajani, macho mbele.

Tarumbeta aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu hasira ikamjia, hasira ya mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu, na kama angekuwa na sauti angemkaripia palepale. Akatia mkono mfukoni, akaitoa karatasi. Aliikunja mwenyewe mara nne na kuikandamiza kwa kucha. Sasa ilikuwa imefunguka yote na kukunjwa mara moja tu, katikati, na ile mikunjo ya zamani haikuonekana. Ilikuwa imepigwa pasi. Haikuwa ya leo asubuhi tu, maana kona zake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya udongo kwa joto la Jumapili baada ya Jumapili. Kila wiki mkewe aliitoa, akaisoma, akainyoosha, akairudisha mahali pake.

Hasira ikaisha, ikabaki hofu. Lakini alipogeuka aliiona hofu hiyohiyo kwenye taya la mkewe, imekaa pale siku zote na yeye hakutazama. Akampa karatasi. Mkewe akaiweka ndani ya daftari.

Jumanne walikaa kwenye benchi la korido ya hospitali tangu saa mbili asubuhi. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa mabega, na juu ya mlango taa moja ilikuwa inakonyeza. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyezungumza. Kila mlango ulipofunguka, benchi zima lilinyooka migongo. Tarumbeta aliwatambua wote. Ndio walewale wa korido yake ya mahakamani, wanaongoja kuitwa majina.

Muuguzi akatoka na faili, akaita jina lake. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, isingefika hata kwenye mlango wa choo; mahakamani angefukuzwa siku ya kwanza. Lakini Tarumbeta alilisikia vizuri sana. Akakumbuka mzee mmoja wa kesi ya shamba, jinsi alivyomkuta amejificha nyuma ya mlango, ameziba masikio, na jinsi alivyokwenda kuwasimulia wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Muuguzi akaita mara ya pili, akitazama huku na huku.

Jasho lilimtoka Tarumbeta hadi kwenye magoti. Alijua sheria kuliko mtu yeyote kwenye korido ile: usipojibu, shauri litasikilizwa tu, mwenyewe haupo. Akafungua mdomo. Aliruhusiwa leo kusema, au hakuruhusiwa, hakukumbuka tena, na hata hivyo hakikutoka kitu.

Muuguzi alikuwa anataka kufunga faili. Akaita mara ya tatu.

Mkono wa mkewe, mgumu kwa miaka ya pasi, ukamshika kiwiko na kumwinua. Mwanamke ambaye hakuwahi hata kutangaza funguo zake zilizopotea alijibu kwa sauti iliyofika mwisho wa korido.

"Tupo," alisema, na wakaingia.